Matawi Mabichi Barabarani

Juzi, tukikaribia Mavivi, dereva wa taksi aligonga mboloko, yule paa mdogo wa msituni. Hakusimama. Mama mmoja kiti cha nyuma akasema, "Kanyaga, chauffeur, hapana simama," na abiria wote wakaitikia. Niligeuka, nikaona mnyama bado anarusha miguu. Basi, rafiki yangu, nikamkumbuka Papa.

Papa alikuwa dereva wa Fuso. Alipakia viazi na poireaux, yale majani marefu yanayonukia kama kitunguu, huko Kipese, akapumzika kwetu Butembo, kisha akapeleka mzigo Beni na vijiji vya mbele. Wakati wa likizo alinichukua. Mpaka leo harufu ya poireaux mbichi hunirudisha ndani ya ile kabini, magoti yakiungua kwa joto la injini, mdomo umejaa mahindi ya kuchoma. Aliendesha polepole mno, wenzake wakambandika jina la Padri.

Siku alipogonga mboloko nikiwa naye, nililia. Alizima injini, akakata matawi mabichi, akayapanga barabarani mbele na nyuma ya gari ili wanaokuja wapunguze mwendo. Mnyama alikuwa bado anapumua. Papa aliniambia nitazame msituni, akammaliza kwa panga, pigo moja tu. Kisha akambeba begani hadi nyumba ya kwanza. Bibi mwenye nyumba alitaka tuondoke na paja, Papa akakataa. "Nyama ya barabara ni ya benye barabara," alisema. Tulikula fufu na sombe ya yule bibi, majani ya muhogo yaliyotwangwa, tamu ajabu, tukarudi kuyaondoa matawi. Kuyaacha, kwa Papa, kulikuwa ni kuwadanganya madereva wenzake.

Mauaji yalipoanza upande ule, waasi wakivizia magari kutoka msituni, Mama alimsihi asisimame tena njiani kwa sababu yoyote. Papa alimjibu bila hasira, "Mutu akigonga, anasimama. Ni vile tu."

Alasiri moja Fuso lake likakutwa mbele ya Mavivi. Injini imezimwa, mboloko amelazwa pembeni, matawi yamepangwa mbele na nyuma. Jirani aliyetuletea habari alisema majani yalikuwa hayajanyauka bado. Papa hakuwepo, na hatukupata mwili wa kuzika. Naichukia barabara ile, nasema wazi, ingawa ndiyo iliyotulisha.

Siku hizi dereva akiona matawi barabarani, anageuza gari na kukimbia. Sijui batoto wa leo wataamini kwamba zamani yalimaanisha kuna mwenzako hapo mbele.

Ndugu yangu mdogo naye ameshika usukani. Kila asubuhi Mama humfungia viazi vya kuchemsha katika jani la ndizi, humwombea na rozari mkononi, kisha hushika mlango wa gari na kumwambia neno lilelile.

"Ukigonga kitu, hapana simama. Ata kama ni mutu."