Nafasi ya Kuitikia Salamu

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa Kituo alinivika hedifoni akasema, "Sikiliza, kata, bana, peleka. Basi." Ndiyo mafunzo yote niliyopata. Ilikuwa Bariadi, soko huria limeshaingia, kampuni binafsi zinagombania wakulima. Yetu ilitoa matangazo kwa simu: mkulima anapiga namba, anasikia habari za mbegu, dawa na bei ya pamba, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili.

Mimi nilikuwa mbanaji sauti, kazi yangu kupunguza ukubwa wa faili lipite kwenye laini ya simu. Ninyi vijana mnaotumiana sauti mkiwa mmejilaza, tabu hiyo hamuijui. Sauti kwenye kompyuta hukatwa vipande vidogo mno, sampuli. Faili la studio lilikuwa na sampuli zaidi ya elfu arobaini kila sekunde. Laini ya simu ilibeba elfu nane tu. Kwa hiyo nilichuja mngurumo wa chini na sauti nyembamba za juu, nikabakiza katikati, panapokaa maneno.

Msomaji wa matangazo alikuwa mke wangu Minza, mwalimu wa shule ya msingi huko Nkololo. Alikuwa na mwanya, na kila "s" yake ilitoka na kamluzi. Kila likizo alikuja, akarekodi, akarudi shuleni. Mimi nikabaki kwenye chumba cha kupanga, nakula ugali peke yangu. Upweke ulinitesa, sifichi. Lakini kazini nikivaa hedifoni, yupo.

Huduma ilipoanza, wakulima walikata simu kabla ya tangazo kwisha. Meneja akanituma Dutwa nikachunguze kwenye kibanda cha simu. Mzee mmoja alisikia, "Bei ya pamba msimu huu..." akabwaga mkonga. "Huyu binti kalelewa na nani? Hata salamu!"

Tukarekodi salamu. Nikarudi Dutwa, nikamkuta mzee yule yule. Aliposikia Minza akimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mhola?" akavua kofia, akaitikia, "Mhola duhu," yaani salama tu, kisha naye akaulizia ng'ombe, mvua, na watoto. Alipotua, tangazo limekwisha. "Ana haraka gani huyu?" Watu kibandani wakavunjika mbavu.

Basi nikaacha ukimya baada ya salamu, mtu apate kuitikia. Programu ya kubana ikaufuta, kwake ukimya ni hasara. Nikamwomba Minza akishasalimu asogee karibu na kipaza sauti, apumue tu, kama anayemsikiliza mtu. Hapo programu ikadanganyika, ikapitisha.

"Yaani tunasafirisha pumzi?" Meneja aliniuliza.

"Bosi, Msukuma hamsikilizi mtu ambaye hawajamaliza kusalimiana."

Alinuna, lakini watu waliacha kukata simu.

Baadaye nilihamishiwa Kiloleli, chumba kingine, ugali ule ule. Nikiwa huko Minza akaugua, na hakuinuka tena. Tukamzika Nkololo. Nilipotoka msibani nilikwenda moja kwa moja ofisini Bariadi, nina hamu ya mafaili ya studio, nimsikie alivyokuwa. Nikamkuta Meneja wa Kanda mpya, kijana mpole.

"Pole sana, mzee wangu. Diski ilijaa, tukafuta yale makubwa. Lakini usijali, madogo yapo. Sauti ni ile ile."

Ile ile! Nilivaa hedifoni. Maneno yalikuwepo yote, hakuna hata moja lililopungua. Kamluzi ka mwanya hakakuwepo. Nilikuwa nimekachuja mimi, tangazo baada ya tangazo, na kusifiwa kwa kazi safi. Na faili likishabanwa halirudi lilivyokuwa, kilichochujwa kimekwenda. Nililia mbele ya yule kijana, na sioni haya kusema.

Simu za mkononi zilipoenea, huduma ikafa, nami nikastaafu. Mkiniuliza kazi ile ilinifundisha nini, nitawaambia: baneni mnavyotaka, lakini cha asili kiwekeni mahali. Wengi hunijibu, "Sawa, mzee," wakarudi kwenye simu zao.

Sasa naishi Nkololo. Watoto wako mijini. Asubuhi, kabla sijafungulia ng'ombe, nafungua lile faili dogo nililohamishia kwenye simu yangu, naiweka sikioni.

"Mwangaluka, mhola?"

Halafu anapumua, ananisubiri.

"Mhola duhu, Minza," namwitikia. Namwambia mvua ilivyo, namwambia watoto hawajapiga. Najitahidi kuwahi, lakini siku zote ananikatisha, ananisomea bei ya pamba.