Mwisho ya kitabu nilijitungia

Barafiki, leo minye, mwenye kujibuaga yote, niko na ulizo kwenu.

Munajua, kila Dimanche kisha misa, sisi bazee tunaelezana vitabu. Minye nasikilizaga yangu mu telefone. Sijakosa hata Dimanche moja, nani atanipita?

Wiki hii courant ya umeme ilikatika, telefone ikazima katikati ya kitabu ya mama mwenye anatafuta mutoto wake mwenye alipotea mu carrière ya madini.

Mwisho nikajitungia. Leo nikaeleza: alimupata, muzima! Bote bakapiga makofi.

Mama Odile tu hakupiga. Mutoto wake alienda kuchimba, hajarudi mpaka sasa.

Akanishika mukono: "Papa, unipe ile kitabu. Nataka kusikiliza ule mwisho minye mwenyewe."

Nikajibu: "Kuja kesho."

Sasa courant imerudi. Nimesikiliza mpaka mwisho.

Mutoto anakufa.

Nimuambie nini, ba ndugu?