Risiti Nilizompa Mama Azitunze

Mimi ni mwoga wa karatasi. Nyoka naua, tena kwa mpini wa ufagio, na mlevi akija kuleta fujo dukani namtoa kwa maneno matupu. Lakini nikiona bahasha ya kaki yenye muhuri, naizunguka mara tatu kabla sijaifungua. Ugonjwa huu nimeupata ukubwani, tangu nilipofungua duka la pembejeo pale Lizaboni, Songea, na ulizidi duka lilipokua hadi nikatakiwa kuwa na mashine ya risiti.

Mashine yenyewe ni kitu kidogo, inakaa kwenye kaunta kati ya mizani na makopo ya dawa ya mahindi. Ukiuza unabonyeza, inatoa risiti, na taarifa ya mauzo yako inakwenda yenyewe kwa mtandao hadi kwa watu wa mapato. Kila jioni kabla ya kufunga unaiamuru itoe ripoti ya siku, ile tunayoiita Z, hata kama siku nzima hukuuza kitu. Mtandao ukisumbua naibeba hadi nje barabarani kutafuta mnara, na waendesha bodaboda wa kijiweni wananicheka. Wacheke tu. Wao hawajawahi kuota wanaulizwa Z ya juzi iko wapi.

Siku moja mkulima kutoka Namtumbo alinunua bomba la kupulizia dawa, akaondoka kabla mashine haijamaliza kutoa karatasi. Nilimkimbilia kwenye mvua hadi karibu na stendi ya bodaboda, ndala moja imebaki dukani. Tulikuwa tumesikia kwamba maofisa husimama njiani na kumuuliza mteja risiti yake. Yule baba aliniangalia, mwanamke mzima nimelowa chapachapa, nikimpa kipande cha karatasi kwa mikono miwili.

"Mama, mimi hata kusoma sijui," alisema.

"Hujui, lakini ichukue," nilimwambia. "Ukiitupa, tupa ukifika kwako."

Risiti za wateja hazikuwa shida kubwa. Shida ilikuwa zile zinazobaki kwangu: ripoti za kila jioni, na risiti za manunuzi ninazopewa na wauzaji wa jumla. Katika semina moja mjini ofisa alituambia tuzihifadhi miaka mitano, kwa sababu siku ya ukaguzi karatasi hizo ndizo zitakazosema kwa niaba yetu. Mtu asiye na risiti za manunuzi hana namna ya kuonyesha kwamba mzigo aliununua, na mtu asiye na kumbukumbu kabisa anaweza kupigwa faini, hata kufikishwa mahakamani. Alisema pia kwamba karatasi hizo zinafifia, kwa hiyo tutoe kopi, na zisikae juani. Niliyasikia yote, nikayaandika kwenye daftari. Kopi nikasema nitatoa kesho. Kesho hiyo ilichukua miaka mitatu.

Mwanzoni nilizitunza kwenye boksi chini ya kaunta. Asubuhi moja nililiinua boksi likabaki mkononi bila kitako, mchwa wamepanda kutoka sakafuni na kula risiti za mwezi mzima. Nilikaa chini pale pale, nikaanza kuokota vipande. Jumapili ileile nilikusanya zilizosalia, nikazipanga kwa miezi, nikazifunga kwa kamba na kuzitia kwenye kiroba, nikapanda bodaboda kwenda kwa mama yangu, kule Mshangano. Tangu hapo kila baada ya miezi michache nilimpelekea kifurushi kingine.

Mama analima. Amenilea kwa mahindi na maharage, na mimi ndiye mtoto pekee aliyembakia. Shule hakupelekwa, lakini katika kutunza kitu simjui mtu anayemfikia. Mahindi yake ya mbegu aliyachagua mwenyewe shambani, akayafunga mawili mawili kwa maganda yake na kuyaweka jikoni, kwenye kichanja juu ya mafiga. Moshi unapanda, unayazungusha, na fukusi hawasogei. Mbegu hiyo alipewa na mama yake, na kila mwaka ameirudisha ardhini. Mimi ninauza mbegu za pakiti, na kwa mama yangu sijawahi kuuza hata punje. Alikuwa akiniambia nimekuwa mchuuzi wa vitu ambavyo watu wanavyo jikoni kwao.

Siku niliyompa kiroba cha kwanza aliuliza ni vitu gani. Nikamwambia, "Mama, humu ndimo duka langu lilimo. Mchwa wasiziguse, maji yasiziguse. Zitunze kama unavyotunza mbegu."

Nakumbuka maneno yenyewe kwa sababu nilijisikia vizuri nilipoyasema. Alikipokea kiroba kwa heshima, akakipapasa, akasema nisiwe na wasiwasi. Nikarudi Lizaboni nikiwa mwepesi.

Bahasha ya kaki ilikuja mwezi wa saba, wakati baridi ya Songea inamfanya kila mtu akae na moto. Barua iliandikwa kwa adabu sana. Nilitakiwa kufika ofisini Alhamisi ya wiki inayofuata, pamoja na kumbukumbu zote za biashara za miaka mitatu. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Jirani yangu, anayeuza vifaa vya ujenzi, alikuja akaichukua mkononi akatikisa kichwa. Yeye alikuwa ameonja. Duka lake liliwahi kufungwa kwa kufuli isiyo yake, karatasi ikabandikwa mlangoni, na mkewe akapita njia ya nyuma miezi miwili asikutane na watu.

"Una karatasi zako?" aliniuliza.

"Ninazo zote, isipokuwa zile zilizoliwa na mchwa," nilimjibu. Angalau hilo lilinipa nguvu.

Nilifika Mshangano saa nne asubuhi. Mama alikuwa anapika, jikoni moshi mtupu. Nilimwamkia, nikamwambia nimefuata karatasi, ofisi ya mapato inazitaka Alhamisi. Uso wake ulifurahi. Alipanda kwenye kigoda, akanyoosha mikono kwenye kichanja, akaanza kusogeza mahindi ya mbegu kushoto na kulia. Hapo katikati, juu kabisa ya mafiga, alikuwa amezipanga risiti zangu. Kiroba alikuwa amekitoa ili moshi uingie vizuri.

Alinikabidhi kifurushi cha kwanza. "Angalia," alisema, "haijaliwa hata moja."

Kweli, haikuliwa hata moja. Kingo zilikuwa zimenyooka, kamba zangu zilikuwa palepale. Ila karatasi zilikuwa nyeusi. Risiti hizi haziandikwi kwa wino, zinaandikwa kwa joto la mashine, na moto wa mama ulikuwa umeziandika zote upya, pande zote, hadi hapakubaki pa kusoma. Nilifungua kifurushi cha pili, cha tatu. Za katikati zilikuwa za kijivu, na ukizigeuza geuza mlangoni ungeona herufi mbili tatu. Ofisa alisema zisikae juani. Jikoni kwa mama hakuna jua.

Niliogopa hofu ambayo sijawahi kuiogopa. Nilishika nguzo ya jiko. Niliona kufuli mlangoni kwangu, nikajiona mimi mwenyewe kizimbani nikiwa na gauni la kanisani. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa hasira, hofu ile iligeuka ulimi.

"Mama, umenifunga," nilisema. "Umeniua. Nani alikwambia uweke karatasi motoni?"

Alishuka kwenye kigoda taratibu, akazichukua zile karatasi mikononi mwangu, akazipuliza masizi, moja moja, kana kwamba weusi ule ungetoka. Nilimwacha hapo. Chakula alichokuwa anapika sikukila.

Siku zilizobaki sikuwa mtu. Nilifungua duka kwa sababu mguu umezoea. Gari lolote likisimama nje nilirudi nyuma ya magunia. Nilitunga uongo: nimeibiwa, nyumba imeungua, mafuriko, halafu nikakumbuka kwamba mwezi wa saba Songea hakuna mafuriko. Uongo mmoja tu ulikaa sawa, kwa sababu haukuwa uongo kamili. Ningesema, ni mama. Mzee, hajui kusoma, amekosea. Nani atamfunga mzee? Niliukataa asubuhi, na jioni nikawa naurudia tena kimoyomoyo, nikiupanga maneno.

Alhamisi nilifika ofisini mapema. Mama alikuwa amefika kabla yangu. Sikumwita. Alikuwa amekaa kwenye benchi la kusubiria, amevaa gauni lake la Jumapili na kitenge kipya, na miguuni pake boksi la sabuni lililojaa risiti. Nilikuwa nimemwachia, na sikujua kama angezileta. Alikuwa ametembea nalo kutoka Mshangano.

Ofisa alikuwa dada kijana, mpole. Alimwamkia mama shikamoo kabla ya kukaa. Alifungua boksi, akatoa karatasi, akaigeuza, akatoa nyingine. Harufu ya jikoni ilijaa chumba kizima. Aliniangalia mimi kwanza.

"Hizi zilihifadhiwa wapi?"

Nilifungua mdomo. Mama akasema, "Jikoni kwangu, mwanangu. Juu ya moto."

"Nani alikuelekeza uziweke huko, mama?"

Hilo swali lilikuwa langu. Ofisa alimwuliza mama, lakini macho yake yalikuwa kwangu. Nilikuwa na jibu lake neno kwa neno, tangu siku ya kiroba cha kwanza, na ningeweza kulisema kwa pumzi moja. Niliangalia meza. Palikuwa na stepla, na kikombe chenye kalamu tatu.

"Hakuna," mama alisema. "Binti yangu aliniachia tu. Mimi ndiye nimeziharibu. Kama kuna kufungwa, nipo hapa, na nguo nimekuja nazo."

Ndipo nilipouona mfuko wa rambo pembeni yake, na ndani yake kanga, blanketi na rozari.

Ofisa aliweka kalamu chini. Alimweleza mama kwa upole kwamba hakuna mtu atakayefungwa leo. Mauzo yangu, alisema, wanayaona kwenye mfumo wao, kwa kuwa mashine iliyatuma kila siku, na kwa upande huo nilikuwa sawa. Risiti za manunuzi ningezifuata kwa wauzaji wa jumla, mmoja mmoja, niwaombe wanichapie upya kile walichonacho, naye angenipa muda. Kwa kutotunza kumbukumbu ningepata faini na barua ya onyo. Ila alihitaji maelezo ya jinsi zilivyoharibika, kwa ajili ya faili.

Aliyaandika kama mama alivyoyasema. Akayasoma kwa sauti, kwamba yeye ndiye aliyeziweka juu ya moto kwa uamuzi wake mwenyewe, bila kuelekezwa na mtu. Mama akakubali kwa kichwa. Akawekewa kidau cha wino, akabonyeza dole gumba chini ya maneno yale. Mimi ndiye niliyeushika mkono wake ili alama isichafuke.

Duka halikufungwa. Nilizunguka kwa wauzaji wa jumla hadi Njombe, nikapata nyingi, nyingine nikazikosa, nikalipishwa kodi yake. Sasa natoa kopi siku ileile, na kila karatasi naipiga picha kwa simu. Jirani yangu alisema nina bahati. Nilimwambia ni kweli. Kuhusu mama sikumwambia kitu, na kwa mama mwenyewe nilikwenda Jumapili kama kawaida, tukaongea habari za kuku.

Mvua za mwanzo zilikuja. Ilikuwa siku ya wateja wengi, watu wamejaa hadi barazani wakitaka mbegu, na mimi nabonyeza mashine bila kuinua kichwa. Mkono uliweka hela kwenye kaunta, na sauti ikaomba mbegu ya mahindi, mfuko mmoja. Niliinua macho. Alikuwa mama.

"Mama, za kwako zipo wapi?" niliuliza.

"Nilizishusha," alisema. "Nikazisaga. Sitaki tena kuweka kitu juu pale."

Aliyasema kwa sauti ya chini, akiangalia kama watu wanasikia. Nilimpa mfuko, nikamrudishia hela yake, akaisukuma tena kwangu. Hakuondoka. Alisimama kando ya kaunta na mfuko wake kifuani, wateja wanampita, na ilinichukua muda kuelewa kwamba anangoja risiti. Nikabonyeza. Mashine ikatoa karatasi, naye akaipokea kwa mikono miwili.

Nilitoka nyuma ya kaunta. Mbele ya wateja wote nikasema, "Mama, mimi ndiye niliyekwambia uzitunze kama mbegu."

"Najua," alisema. Alikuwa ameishika ile karatasi kwa ncha za vidole, mbali na mwili wake. "Sasa hii niiweke wapi?"