Nchi ya Kumpeleka Mama Mkwe

Sista wa hospitali hakutuzungusha. Alimfunika mama mkwe wangu jicho moja kwa kiganja, akasogeza taa ndogo mbele ya lile jingine, akamuuliza anaona nini.

"Moshi," mama akasema.

Sista akazima taa. Akatuambia jicho la kulia limekwisha, na la kushoto litalifuata kabla ya mvua kama hatutapata daktari wa macho.

"Yuko wapi huyo daktari, Masere?" mke wangu akamuuliza sista, kama tulivyozoea kuwaita watawa.

"Si hapa, mwanangu. Mtafute nchi nyingine."

Kilikuwa kiangazi, mwaka wa pili baada ya uhuru wetu kutoka kwa Wabelgiji, na Kalemie bado tuliiita Albertville. Madaktari wengi walikuwa wamevuka ziwa na masanduku yao. Treni ya Kabalo ilikuja siku ikipenda, na malori karibu yote yalikuwa yamechukuliwa na askari. Mimi nilifanya kazi kwenye maghala ya bandari, na maghala yalikuwa matupu tangu bandari ifungwe, kwa hiyo ruhusa ya kuondoka niliipata bila kuomba mara mbili. Kilichokosekana ni chombo cha kutuchukua.

Karibu na daraja la Lukuga kulikuwa na fundi wa gereji aliyeachiwa pikipiki na bosi wake Mbelgiji. Alikuwa akiikodisha kwa watu anaowajua. Alinijua, maana zamani niliwahi kuendesha pikipiki ya posta. Nilimkuta amechuchumaa anaisafisha kwa kitambaa.

"Nitakupa," alisema. "Lakini uniambie kwanza unaenda inchi gani. Kama njia yako inapita kwa askari wanaonyang'anya, sikupi. Urudi na jibu."

Basi Jumapili baada ya misa tukaketi nyumbani kutafuta jibu. Nasema tuliketi, lakini mama mkwe aliketi chumba cha ndani, nyuma ya pazia, kama desturi yetu ilivyotaka. Tangu nimwoe binti yake sikuwa nimemtazama usoni, wala yeye kunitazama mimi, na maneno yetu yalipita kwa mke wangu. Siku hiyo mke wangu, tumbo lake likiwa kubwa tayari, alikaa kizingitini akigeuza shingo huku na huku hadi akachoka.

Nchi zilikuwa tatu. Rhodesia ilikuwa na hospitali nzuri za Waingereza, lakini njia ya kusini ilijaa vizuizi, na kila kizuizi waliuliza kabila. Mama alikuwa Muluba, mzaliwa wa upande wa Niemba. Tangu vijana wa Kiluba walipowaua askari wa kigeni huko na kukimbilia porini, kutamka tu jina la Niemba kulitosha kumshusha mtu garini, na wengine hawakupandishwa tena.

"Mwambie Rhodesia hapana," nikasema.

"Amesikia," mke wangu akajibu. "Naye anasema hapana."

Tanganyika ilikuwa ng'ambo tu. Bandarini tuliwahi kusikia kwa mabaharia kwamba upande wa Kasulu, mwendo wa nusu siku kutoka Kigoma kwa pikipiki, kuna misheni yenye daktari anayepasua macho. Nikaanza kueleza, pazia likatikisika.

"Maji hapana!" Sauti yake ilitoka moja kwa moja, haikupita kwa mtu.

Baba mkwe wangu alipotelea ziwani nikiwa bado sijaijua nyumba ile, na mwili wake haukuonekana. Tangu hapo mama hakufua nguo ufukoni. Alichota maji ya bomba hata foleni ikiwa ndefu.

Ikabaki Urundi. Mjini Usumbura kulikuwa na daktari, na njia ilikuwa ya nchi kavu mwanzo mpaka mwisho, kupitia Bendera, Fizi na Uvira. Ilikuwa ndefu, na habari zake hatukuwa nazo, nzuri wala mbaya. Tukaichagua kwa sababu hatukuwa na neno la kuikataa.

Nilipompelekea jibu, fundi alikuna kidevu, akanipa ufunguo.

Tatizo lililobaki hakuna aliyetaka kulitaja. Mtu anayepakiwa kwenye pikipiki humshika dereva kiunoni. Mama mkwe anishike mimi kiunoni, mbele ya watu, barabara nzima? Asubuhi ya safari mke wangu alitoka na mto wa kulalia, wa sufi, akaufunga mgongoni kwangu kwa kitenge kama mtoto. Mama akapanda nyuma, akaukumbatia ule mto. Majirani walitazama pembeni, na nawashukuru mpaka leo.

Tulikwenda polepole. Kila shimo nililoliona nililitangaza kwa sauti, "Shimo, Mama!" kwa sababu yeye hakuona kitu cha kujiandalia. Nilisikia pumzi yake tu kwenye ule mto, na jua lilipopanda nikajua kwamba analia kwa maumivu na hataki nijue.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa gogo juu ya mapipa mawili. Askari wanne walikuwa wameketi kivulini. Mmoja, kijana mwenye kofia ya chuma isiyomtosha, akainuka na bunduki.

"Zima. Unamupeleka nani?"

"Mama wa muke wangu. Ni mugonjwa wa macho."

Akamzunguka mama, akamfunua kitambaa cha usoni. "Wa wapi huyu?"

"Wa Albertville."

"Namuuliza yeye. Mama, ulizaliwa wapi?"

Mama hakujibu. Nilijua kwa nini. Angesema kweli ingekuwa Niemba. Angesema uongo, lafudhi yake ingemsema. Yule askari akageuka kwangu, na sasa mtutu ulikuwa usawa wa kifua changu.

"Unasema uongo. Hakuna muntu anapakia mukwe wake kwa pikipiki. Mwili kwa mwili? Hii ni aibu. Huyu mama ni wa wale watu wa porini, na wewe unamuvusha."

Ndipo askari mwingine, mtu mzima mwenye mvi, aliyekuwa akila muhogo wa kuchoma, akacheka.

"Wee, angalia mugongo yake kwanza."

Yule kijana akanigeuza kwa bega. Akaona mto, akaugusa, akaubonyeza kama anayenunua mkate.

"Mutu wa porini anamufungia mwenzake mto?" yule mzee akasema, akija na muhogo wake mkononi. "Huyu kijana amelelewa vizuri. Hata mimi mukwe wangu sikumugusa. Ondoa gogo."

Gogo likaondolewa, lakini yule mzee akashika usukani wangu akanisemesha kwa sauti ya chini. "Usiende Bendera. Kule tangu jana wanachukua kila kitu chenye magurudumu, na vijana wanawabebesha risasi. Pita njia ya kulia, ile ya kushuka, au rudi. Sikukuambia kitu."

Nikaendesha hadi kona iliyotuficha, nikazima injini. Nikashuka nikamsaidia mama kushuka, kisha nikasimama mbali kidogo na kumpa mgongo kama inavyopasa. Hapakuwa na mke wangu wa kupokea maneno. Nikauambia msitu: "Urundi imefungwa. Rhodesia siwezi. Turudi nyumbani."

Ndege mmoja alikuwa akipiga kelele juu ya mti, hasiti. Halafu mama akasema, naye pia akiuambia msitu, nadhani:

"Hiyo njia ya kulia inashuka wapi?"

"Ziwani. Kwenye kijiji cha wavuvi."

"Wanavuka?"

"Wachuuzi wa dagaa wanavuka kwenda Kigoma. Lakini Mama, wewe ulisema..."

"Nilisema. Na nikirudi nyumbani nitakaa gizani nikiwa nimesema. Nipandishe."

Tuliteremka hadi ziwani. Kijijini katekista alitupokea, na mkewe akamlaza mama ndani. Alfajiri nahodha wa boti ya injini aliitazama pikipiki, akamtazama mama, akasema vyote viwili anaweza kuvilaza juu ya magunia ya dagaa. Tukaifunga pikipiki kwa kamba. Maji yalipomfika mama kwenye kifundo cha mguu alisimama. Wanaume wakangoja majini, boti ikipigapiga. Nahodha akafungua kinywa, nikamwomba kwa mkono asiseme kitu. Mama akavuta kanga yake juu, akaingia.

Tulipoipoteza nchi kavu nyuma yetu, upepo wa kusini ukaanza, na muda si mrefu injini ikakohoa ikazimika. Boti ikageuka ubavu. Wimbi likamwagika ndani, watu wakaanza kuchota kwa makopo, mchuuzi mmoja akaanza kusali kwa sauti ya juu sana. Nilimtazama mama. Alikuwa ameushika usukani wa pikipiki kwa mikono miwili, uso ameuelekeza kwenye maji asiyoyaona, na midomo yake ilikuwa ikisema jina. Lilikuwa jina la marehemu mumewe. Hakuwa akimlilia, alikuwa akimsemesha kwa ukali, kama mke anayemwamuru mume anyamaze mbele ya wageni.

Nahodha alifungua mrija wa mafuta, akaunyonya, akatema, akavuta kamba mara nyingi kuliko nilivyoweza kuvumilia. Injini ikawaka. Jioni taa za Kigoma zilipoonekana hakuna aliyepiga kelele za furaha. Tulikuwa tumelowa wote, na mchuuzi yule alikuwa amepotewa na sauti.

Daktari wa misheni ya Kasulu, tuliyoifikia kwa pikipiki kesho yake, alikuwa mzee wa Kizungu mwenye mikono iliyojaa madoadoa. Alimpasua jicho la kushoto siku yake ya tatu pale. La kulia hakuligusa, alisema hakuna cha kugusa. Nililala kwenye baraza ya hospitali nikiwapikia wagonjwa wengine na kujifunza Kiswahili chao kilichonyooka. Walinicheka kila nilipotaja *biro* badala ya ofisi.

Siku ya kufungua bandeji niliitwa kushika beseni. Muuguzi alikata, akafunua, akafuta. Nikainamisha uso haraka, lakini sikuwahi. Jicho lilikuwa jekundu, likitoa machozi, na lilikuwa limetua usoni mwangu. Alinitazama kwa muda ambao hakuna mama mkwe anayemtazama mkwewe.

"Kumbe una kovu kwenye nyusi," alisema.

"Ndiyo, Mama. Nilianguka utotoni."

"Binti yangu hakuniambia."

Kisha tukageuza nyuso, kila mmoja upande wake, na muuguzi akashangaa tunaona haya ya nini.

Tulirudi kwa boti kubwa, bandari ya kwetu ikiwa imefunguliwa tena. Pikipiki ilikuwa na kutu mpya na taa moja iliyopasuka. Fundi aliizunguka, akaguna, akaipokea. Mama alikataa kupakiwa tena kutoka bandarini. Alisema njia anaiona. Akajitwisha kifurushi, akatangulia kando ya reli, na kila alipokutana na mtu alisimama, akamtazama vizuri kwanza, ndipo akamsalimu.