Majani Juu ya Maji ya Mwalimu

"Splash maana yake nini?"

Mwalimu wa Kiingereza aliniuliza hivyo nikiwa darasa la tano, nimesimama mbele ya wenzangu, gauni limenigandia mgongoni kwa maji ya baridi. Mwezi uliopita, katika maktaba ya chuo, nilifungua kamusi nikitafuta neno jingine kabisa, jicho likaangukia hilo. Maelezo yake ni marefu. Ni maji kuruka na kumlowesha mtu. Ni mlio wa kitu kinachotumbukia mtoni. Ni doa la rangi ukutani, ni maziwa kidogo kwenye chai, hata habari iliyotandazwa ukurasa wa mbele wa gazeti. Niliifunga kamusi kwa nguvu hadi mtunza maktaba akanitazama.

Huenda, rafiki yangu, unasubiri nikusimulie utoto mtamu wa Ufipa. Ulikuwepo, sikatai. Bibi alisonga ugali wa ulezi, tukaula na samaki wakavu waliopandishwa kutoka bonde la Rukwa, moshi ukituchoma macho. Lakini mimi ninachokikumbuka kwanza ni baridi ya mwezi wa saba.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha Ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kama madawati. Kule tulikotoka, chemchemi ilikuwa nyuma ya shamba la mahindi. Huku, mto ulikuwa chini kabisa bondeni. Mpaka leo sijapata mtu wa kunieleza kwa nini nyumba zilitangulia na maji yakasahauliwa. Aliyepima ile mistari hakuwahi kubeba ndoo. Kila asubuhi kabla ya kengele, wasichana tulipeleka maji nyumbani kwa walimu. Wavulana walifyeka majani ya uwanjani. Niliwahi kuuliza kwa nini tusibadilishane, nikapewa ndoo kubwa zaidi.

Bibi ndiye aliyenifundisha kubeba. Unajaza ndoo, unalaza kitawi chenye majani mabichi juu ya maji, na maji yanatulia kichwani. "Ukiweka majani, mgongo unafika mkavu," alisema. Kila mwanamke pale kwetu alifanya hivyo.

Mwalimu wa Kiingereza alikuwa kijana mgeni kutoka Mbeya. Siku ya kwanza alichungulia ndoo yangu, akaruka nyuma.

"Nani katia dawa humu?"

"Ni majani tu, mwalimu. Yanazuia maji yasiruke."

"Nimeshaambiwa habari za Sumbawanga, uchawi na radi zenu. Msinifanye mtoto mimi!"

Akayamwaga yote miguuni petu. Kuanzia siku hiyo majani yakawa marufuku, na ndoo ilipaswa kufika imejaa. Ikipungua, viboko viwili. Atakayekutwa na jani atarudishwa nyumbani, aje na aliyempa.

"Kesho tumpelekee radi kabisa," alisema mwenzangu, binti wa jirani, tukiwa njiani. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Kesho yake hatukucheka. Maji yalirukaruka kila nilipokanyaga jiwe, yakanishuka shingoni, na ndoo ikafika imepungua. Nilichapwa, nikaingia darasani natetemeka, na somo la kwanza likawa hilo neno.

Nilivumilia wiki nzima. Kisha nikaanza ujanja: naweka majani mtoni, nayatupa kabla ya kufika kwake. Asubuhi moja jani moja lilibaki, limenata ubavuni mwa ndoo. Mwalimu akalitoa kwa kijiti, kama mtu anayetoa nyoka.

Nilimfuata bibi nikilia, na sikulia kwa sababu ya shule. Bibi alikuwa mjane mzee. Katika kijiji kilichobananishwa vile, kila mtu akimsikia jirani yake akikohoa, jina la mchawi likishakushika hulivui. Watu wangeacha kukuomba moto. Na mimi ndiye niliyempelekea jina hilo mlangoni.

Alivaa kitenge chake cha kanisani, tukaenda. Mwalimu mkuu alikuwa ofisini, jani liko mezani juu ya karatasi. Wanafunzi walijaa dirishani.

"Mama, hii ni nini?" aliuliza mwalimu mkuu.

Bibi alilichukua lile jani, akalitia mdomoni, akalitafuna polepole, akalimeza. Kisha akamgeukia yule kijana.

"Shikamoo hukunipa, mwanangu. Uchawi umeuona upesi."

Dirishani walipasuka kwa kicheko. Hata mwalimu mkuu alifunika mdomo. Majani yakaruhusiwa tena siku ileile, na hakuna aliyemwita bibi yangu mchawi. Nilimpelekea kijana yule maji miaka miwili zaidi, mgongo mkavu, nikiamini tumemshinda.

Bibi amekwisha kufa. Nyumba za mstari nyingi zimebomoka, wenyewe wamerudi mashambani kwao, na hakuna aliyewaomba radhi. Nilikwenda huko msibani kwake mwaka jana, nikamtaja yule mwalimu kwa mama mmoja aliyekuwa akiishi mlango wa pili kutoka kwa mwalimu huyo. Alikuwa akimenya viazi, hakuinua hata kichwa.

"Yule? Maji yenu hakuyanawia hata mikono. Mkigeuka tu, anamwaga nyuma ya choo. Jioni anachukua ndoo, anashuka mtoni mwenyewe."