Mlango wa Skuli, Mlango wa Nyumbani

Nyumba nyingi za Al-Baghdadiyah, mtaa wa mji wa bandari huko Uarabuni, zina milango miwili: mmoja wa wageni wa kiume, unaoingilia majlisi, sebule yao, na mwengine wa wenyewe, ulio karibu na jiko. Jokha alikaa katika mojawapo ya nyumba hizo miaka kumi na mbili na kila siku akaupita mlango wa wageni bila ya kuufikiria.

Mwaka 2013 mumewe Saif, karani wa bandarini, alikuwa akibadilisha kafili, yaani mdhamini wake wa kazi. Mpaka ikama mpya, vibali vyao vya ukaazi, zitoke, skuli haikuweza kumwandikisha binti yao Muna, wa miaka saba. Jokha akasema atamsomesha mwenyewe. Saif akamtazama kama anavyotazama kontena lisilo na karatasi.

"Haya, jaribu mpaka Jumatano. Ikishindikana, mtoto anakwenda Riyadh kwa dada yangu. Yule alikuwa mwalimu."

Jokha akamvuta Muna karibu. Riyadh ni mbali kwa mtoto ambaye hadi leo hapati usingizi mpaka ashike sikio la mama yake.

Basi akajitayarisha, na kwa matayarisho hakuwa na mfano. Alipaka mlango wa kabati la majlisi rangi nyeusi uwe ubao. Alibandika ratiba yenye mapumziko mawili. Alimtuma Saif amletee karatasi kuukuu za bandarini zilizoandikwa upande mmoja. Hata kengele alinunua, ijapokuwa mwanafunzi wake angekaa hatua mbili kutoka kwake.

"Mwalimu Mkuu," Saif alimtania, "baraza la walimu linakutana lini? Nina malalamiko, chai imepoa."

Jumapili kengele ikalia. Muna akaja na nguo za kulalia, akalaza kichwa mapajani mwa mwalimu. "Saba mara tatu?" akaulizwa. "Mama, unanukia vitunguu," akajibu. Jumatatu alitaka chai ya maziwa katikati ya sentensi. Jumanne alikatazwa kulala chini, akalia. Mwalimu naye akalia. Ratiba ikabaki ukutani peke yake, imenyooka, haina kosa hata moja.

Mama mkwe, Bi Zuwena, aliyeondoka Unguja msichana mwaka 64, alikuwa akiyatazama yote kutoka mkekani kwake.

"Mkwe wangu, umenunua kila kitu, hata kengele. Lakini mtoto huyu nani aliyekukabidhi?"

"Nikabidhiwe vipi, mama? Si mwanangu mwenyewe?"

"Ndiyo maana. Sisi chuoni, kwenye Kurani, hatukwenda hivi hivi. Mtoto alishikwa mkono, akapelekwa kwa mwalimu na sahani ya bisi na nazi, akasemewa maneno. Wewe umempokea kwa nani? Kwa mto na shuka?"

Jumatano asubuhi Bi Zuwena alimchana Muna nywele, akamvisha viatu, akatoka naye kwa mlango wa jikoni. Wakazunguka ukumbi wa ngazi, wakasimama mbele ya mlango wa majlisi.

"Hodi!"

"Karibuni," Jokha alifungua, amevaa abaya na miwani ya kusomea. "Nani wenzangu?"

"Miye bibi yake Muna," alisema Bi Zuwena, kana kwamba hawajapata kuonana. Akatoa sahani ya bisi. "Nimekuletea mtoto, mwalimu. Mvivu kidogo, mamake anamdekeza. Mfunze, na fimbo ruhusa. Macho yake tu nirejeshee mazima."

"Anamdekeza kweli?"

"Mno. Mama yake namjua vizuri."

Muna alimtazama huyu, akamtazama yule. Kisha akavua viatu, akavipanga.

"Asalam alaykum, mwalimu."

Akakaa wima. Saba mara tatu ikawa ishirini na moja, na Jokha akageukia ubao haraka, asionekane macho.

Saa nne Muna akanyoosha mkono. "Mwalimu, nina njaa. Naomba ruhusa niende kwetu."

"Nenda. Kengele ikilia, rudi."

Viatu vikasikika ukumbini. Jokha akavua miwani, akatupa abaya kwenye kochi, akapita mbio ndani kwa ndani, akafika jikoni anahema na kukamata mwiko papo hapo mlango unagongwa.

"Mama!"

"Mwanangu! Skuli vipi?"

"Nzuri. Ila mwalimu mkali." Muna akamega chapati. "Lakini hesabu anakushinda wewe."

Mkekani, Bi Zuwena alikuwa ameshapiga simu bandarini.

"Saif? Riyadh halas, haendi mtu. Na ukirudi upite mlango wa nyumbani. Huku kwengine kuna skuli."