Alivyooshwa Mwanamke wa Jiwe

Juzi, katika jarida, niliona picha ya yule mwanamke wa jiwe, aliyechongwa na Mkatalani mmoja wa Hispania kwa mtindo wa Wagiriki wa kale. Utotoni nilimjua akiwa amelala uchi kwenye ua wa hoteli, pale Doha, Qatar, ambako mama alifanya usafi.

Siku moja mama alikwenda nami kazini, maana mama mdogo Zuhura, aliyezoea kubaki nami nyumbani kwetu, mtaa wa Najma, niliambiwa amesafiri. Alasiri mama alimfunika shuka mwanamke yule, akapitisha mkono chini yake, akamwosha upande wa kulia, kisha wa kushoto. Jiwe lilikuwa la moto. Maji ya mwisho yalinukia kama nguo za sandukuni. Leo najua ilikuwa karafuu maiti.

"Mwaga polepole, mwanangu," aliniambia. "Usimuumize."

Nilicheka, nikidhani tunacheza.

Zuhura alikuwa amezikwa asubuhi ile, ameoshwa na watu wasiomjua, kwa sababu msimamizi wa hoteli alimnyima mama ruhusa ya kutoka kazini.

Mwaka jana ilikuwa zamu ya mama kuoshwa. Wanawake walitaka kunielekeza, nikawaambia mama mwenyewe alishanifundisha.